Klabu ya Border Terrier, kaskazini mwa Uingereza: jiunge kabla hujanunua mbwa

Asiye na muda asome aya hii tu. Klabu ya kanda ya mbwa aina ya Border Terrier niliyomo mimi, huku Northumberland, ina thamani kuliko ada yake, na inamfaa zaidi mtu ambaye bado hana mbwa. Siku zake za kunyonyoa manyoya ni hazina. Maonyesho yake ni mazuri kwa wanaoyapenda. Mawasiliano yake ni mabovu. Jina la klabu silitaji, maana ni ndogo, kila mtu anamjua mwenzake, na yale ninayoyalalamikia nimeshayasema mkutanoni mbele ya wahusika.

Mimi ni mwenyeji wa Lushoto, nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee karibu na Hexham. Mbwa wangu ni jike, anaitwa Shaba kwa sababu ya rangi yake, wekundu wenye ncha nyeusi mgongoni. Nimeamua kuandika kwa Kiswahili baada ya rafiki yangu wa Leeds, mzaliwa wa Mombasa, kunipigia simu jioni moja.

"Dada, watoto wameniganda wanataka mbwa mdogo. Huyo wako atatufaa?"

"Mdogo wangu, usinunue kwanza. Njoo Jumapili uwaone wengi kwa mpigo, kisha uniulize tena."

Nadhani wapo wengine kama yeye huku ughaibuni. Watoto wanaona Border kwenye bustani ya mji, ana uso wa upole, hajai mapajani, na mzazi anaingia mtandaoni usiku huohuo kutafuta wa kununua. Klabu ndiyo mahali pa kwenda kabla ya usiku huo.

Kwanza mbwa mwenyewe, kwa ufupi. Ametoka hapahapa, kwenye milima ya Cheviot inayotenganisha Uingereza na Uskoti. Wafugaji wa kondoo wa mabonde ya mito Coquet na Rede walikuwa wakipoteza wana-kondoo kwa mbweha, wakataka mbwa mwenye miguu mirefu ya kutosha kumfuata farasi kutwa nzima, lakini mwenye kifua chembamba cha kumwezesha kuingia kwenye pango la mbweha na kutoka tena. Familia za Robson na Dodd ndizo zinazotajwa sana katika historia yake. Mwaka 1920 Kennel Club, chama kikuu cha mbwa cha Uingereza, ilimtambua rasmi, na mwaka huohuo klabu ya kwanza ya Border ikaundwa. Klabu za kanda zilifuata baadaye, moja baada ya nyingine, na kila moja ina maonyesho yake, matembezi yake na wazee wake wenye kumbukumbu ndefu.

Maelezo rasmi ya aina hii ni mafupi, na wanachama wanayajua kwa moyo. Dume ana kilo 5.9 hadi 7.1, jike kilo 5.1 hadi 6.4. Kichwa kifanane na cha fisi maji. Ngozi iwe nene. Kifua kiweze kuzungushwa kwa viganja viwili nyuma ya mabega. Na kabla ya yote, awe mbwa wa kazi. Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito hata leo. Tangu sheria ya uwindaji ya 2004 ianze kutumika mwaka 2005, kuwinda mbweha kwa kundi la mbwa kumepigwa marufuku Uingereza na Wales, na kumwingiza teria shimoni kumewekewa masharti makali. Ndani ya klabu wapo wanaoisikitikia sheria hiyo na wapo wanaoishukuru. Mimi naishukuru. Lakini wote tunakubaliana kwamba mbwa asipotezewe mwili wake wa kazi eti kwa kuwa sasa analala kwenye kochi.

Sasa nije kwenye siku ya kunyonyoa, maana hapo ndipo klabu hii inapoonyesha thamani yake.

Border ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni magumu na yanazuia mvua. Ya chini ni mafupi, laini, yanatunza joto. Yale ya juu hukua, hukomaa, hufa, lakini hayadondoki yote yenyewe. Mara mbili hivi kwa mwaka inabidi kuyang'oa kwa mkono. Ukimpeleka saluni wakampitishia mashine, manyoya yaliyokufa yanakatwa kwa juu tu na shina linabaki ngozini. Yanayofuata yanakuwa laini kama pamba, rangi inafifia, na mvua inapenya hadi mwilini. Kwa mbwa anayeishi Northumberland, ambako mvua inakuja kwa ubavu, hilo ni jambo zito. Saluni inayojua kunyonyoa kwa mkono huku kwetu ilinitoza pauni 65 kwa mara moja. Ada ya klabu ni pauni 12 kwa mwaka, na siku ya kunyonyoa ni bure kwa mwanachama.

Tunakutana kwenye ukumbi wa kijiji. Meza zinapangwa zikiwa na mkeka wa mpira juu ili mbwa asiteleze. Kila meza ina mjuzi mmoja na wanafunzi wawili watatu. Meza yetu ilikuwa ya bibi mmoja aliyefuga Border tangu ujana wake, mikono yake imepinda kwa baridi yabisi na bado ni myepesi kuliko yangu. Alianza kwa kupima. Alipitisha kidole kwenye uti wa mgongo wa Shaba, manyoya yakajitenga yenyewe huku na huku, akasema, "Yameiva huyu. Yangekuwa hayajaiva ningekurudisha nyumbani." Kisha akampaka chaki ya unga ili nywele zisiteleze vidoleni. Akanivalisha vifuniko vya mpira kwenye kidole gumba na cha shahada, vile wanavyovaa makarani wa benki kuhesabia noti.

Unashika nywele chache tu. Mkono wa pili unaivuta ngozi ibane. Unavuta kuelekea kule nywele zinakoota, kwa mkupuo mfupi, bila kupinda kifundo cha mkono. Zikiwa zimeiva zinatoka bila mbwa hata kugeuza shingo. Bibi hakunitazama usoni kabisa, alikuwa anatazama mkono wangu na sikio la mbwa. Sikio likirudi nyuma, alinizuia: "Umeshika nyingi. Punguza." Tulianzia nyuma ya shingo, tukashuka mgongoni, ubavuni, kisha mapaja. Tumboni na sehemu za siri alitumia mkasi wenye ncha butu. Usoni hakuacha niguse mara ya kwanza, kwa sababu kile kichwa cha fisi maji kinategemea nyusi zipi zimebaki na zipi zimeondoka. Kufikia saa ya chai chini ya meza kulikuwa na rundo la manyoya mekundu, na Shaba amelala chali juu ya mkeka.

Nimetazama video nyingi za kunyonyoa. Hazifundishi kiasi gani cha nguvu kinatosha, wala hazikuonyeshi sikio la mbwa wako mwenyewe. Hili linafundishwa mkono kwa mkono, na sijui mahali pengine katika kanda hii panapofundishwa bure na watu wenye uzoefu wa namna hiyo.

Kwenye meza hizohizo ndipo nilipopata elimu ya afya ambayo muuzaji wa mtandaoni hatakupa. Border kwa ujumla ni mbwa mgumu, lakini ana magonjwa yake. Kuna ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo unaofupishwa SLEM, ambao watoto wa mbwa huanza kutetemeka sehemu ya nyuma wakiwa na wiki tatu hivi, pale wanapojaribu kusimama. Ni wa kurithi: mama na baba wote wakiwa wabebaji, kila mtoto ana uwezekano wa robo kuupata. Sasa kipo kipimo cha vinasaba, kwa hiyo mfugaji hana sababu ya kubahatisha. Bibi wa meza yetu aliniambia swali la kwanza kumuuliza mfugaji yeyote ni hilo, "nionyeshe vipimo vya mama na baba," na akianza kuzunguka, nyanyua mkoba wako uondoke.

Kuna mwingine wa kukakamaa. Mbwa anashikwa ghafla, misuli inambana, anatembea kama mlevi au anashindwa kusimama, lakini fahamu zake zipo na anakutazama. Zamani watu waliudhania kifafa. Tafiti zilizofanywa katika miaka ya 2010 zilionyesha kwamba wengi wa mbwa hawa wanadhuriwa na gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai, na ikiondolewa kwenye chakula chao wanapata nafuu. Hapa naomba Waswahili wenzangu mnisikilize. Nyumba zetu ni za chapati na maandazi. Mtoto anammegea mbwa kipande cha chapati kila asubuhi kwa mapenzi, na kwa mbwa mwenye tatizo hili kile kipande ndicho sumu. Ugali wa mahindi hauna gluteni hiyo. Ukiona mbwa wako anakakamaa, mrekodi kwa simu, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umweleze kila anachokula, pamoja na vile vya chini ya meza.

Maonyesho nitayasema kwa haki ingawa siyo mapenzi yangu makubwa. Mara moja kwa mwaka klabu ina maonyesho ya ubingwa, ambapo mbwa anaweza kushinda cheti cha Kennel Club. Vyeti vitatu, kutoka kwa waamuzi watatu tofauti, ndivyo vinavyomfanya bingwa. Ukikaa kando ya ulingo bila kuelewa, utaona watu wanazunguka na mbwa na mtu mmoja anatazama. Mwombe mwanachama akae nawe. Utaona mwamuzi anafungua mdomo kuangalia meno yalivyokutana, anafinya ngozi ya ubavuni kuona kama ni nene na inalegea, kwa sababu ngozi hiyo ndiyo kinga dhidi ya meno ya mbweha. Halafu anafanya kile ninachokipenda kuliko vyote: anasimama nyuma ya mbwa, anapitisha viganja viwili chini ya kifua nyuma ya mabega, na kumwinua kidogo miguu ya mbele ikiacha meza. Vidole vikikutana vizuri, anamshusha na kuendelea. Visipokutana, mbwa huyo angekwama shimoni, hata awe na uso mzuri namna gani. Miaka zaidi ya mia moja ya ufugaji iko kwenye viganja hivyo.

Daraja la wakongwe, kuanzia miaka 7 na kuendelea, ndilo ukumbi mzima unasimama. Mwaka jana alikuwepo dume wa miaka 13, pua nyeupe, alitembea kwa mwendo wake mwenyewe na mwamuzi akamsubiri. Watu walipiga makofi tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Ninafanya kazi na wazee. Nakijua kitendo cha kumsubiri mtu mzima bila kumharakisha, na niliwapenda watu wale kwa hilo.

Wanaotamani zaidi hutafuta nafasi ya kwenda Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa yanayofanyika Birmingham kila mwezi Machi. Mimi bado sina hamu hiyo.

Watoto watapenda siku ya kiangazi. Kuna mbio za teria: mkia wa manyoya bandia umefungwa kwenye kamba ndefu, kamba imezungushwa kwenye gurudumu la baiskeli lililogeuzwa juu chini, mtu anazungusha pedeli kwa mikono na mkia unakimbia kwenye nyasi. Mbwa sita wanafunguliwa kutoka kwenye kisanduku. Kelele zake huzisikii popote pengine. Mwishoni kuna marobota ya nyasi kavu ya kuwazuia, na wamiliki wanatumbukia kuwachomoa kabla hawajagombana. Kuna pia mashindano ya mkia unaotikisika zaidi, ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kushinda utepe na kulala nao.

Matembezi ya kila mwezi yako wazi kwa yeyote, mwanachama au siyo. Tumepita vilima vya Simonside juu ya Rothbury, tumepita msitu wa Kielder, na sehemu za ukuta wa Warumi. Kiongozi wa matembezi ni mkali, na ninamuunga mkono. Penye kondoo kila mbwa anafungwa kamba, hata yule anayesifiwa kwamba anasikia. Border ana damu ya kufukuza, na mkulima akimpiga risasi mbwa anayesumbua kondoo wake, sheria inaweza kumlinda mkulima. Wakati wa masika kiongozi huyo anatukumbusha pia nyoka wa huku, wadogo wenye sumu waitwao adder, wanaoota jua kwenye njia za mchanga. Mtu wa Usambara haoni nyoka wa Uingereza kuwa jambo la kutisha, lakini mbwa wa kilo 6 akiumwa puani ni safari ya haraka kwa daktari.

Sasa malalamiko.

Kujiunga kunahitaji wanachama wawili, mmoja akupendekeze na mwingine aunge mkono. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye dunia hiyo si tabu. Kwa mgeni asiyemjua mtu ni ukuta, na hakuna anayekueleza kwamba dawa yake ni kwenda matembezini mpaka ujulikane. Barua pepe zangu za mwanzo kwa klabu hazikujibiwa. Kalenda ya shughuli inatoka imechelewa, kisha fomu za maonyesho zinafungwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo anayefanya kazi ya zamu kama mimi anakosa. Shughuli nyingi zinaanza saa tatu asubuhi Jumapili, vijijini, ambako basi halifiki. Asiye na gari hana namna. Nilipendekeza mkutanoni tuweke orodha ya wenye nafasi kwenye magari. Imekubaliwa, na kwa matembezi inafanya kazi vizuri, kwa maonyesho bado.

Na hili nalisema wazi kwa sababu msomaji wangu atataka kulijua. Mara nyingi mimi ndiye mweusi peke yangu ukumbini. Mzee mmoja aliniuliza nimempata wapi mbwa wangu, nikajibu. Akaniuliza tena kwa maneno mengine, nikajibu. Akaniuliza mara ya tatu. Niliumia. Bibi wa meza ya kunyonyoa alisikia, akamwambia mbele ya watu kwamba alishanisikia nikijibu, na akanipa kiti kando yake. Mzee yule sasa ananisalimu kwa jina, na Shaba pia. Sikulisahau, ila sikuondoka, na nafurahi sikuondoka. Klabu ingefanya vema kumpangia kila mgeni mwenyeji mmoja wa kumpokea siku ya kwanza, badala ya kutegemea kwamba atakutana na mtu mwema.

Yule mdogo wangu wa Mombasa alikuja, na watoto wake wawili. Yeye mwenyewe ni mtu wa swala na alikuwa na wasiwasi wake kuhusu mate ya mbwa na nguo. Wanachama walimwelekeza vizuri, wakashika mbwa wao karibu bila yeye kuomba mara mbili. Watoto walishika kamba, walichimbiwa mashimo mbele ya macho yao, walivutwa mpaka mmoja akaanguka. Waliona kwamba yule wa uso wa upole anabweka, anachimba, anataka mwendo wa saa nzima hata mvua ikinyesha. Mama yao alizungumza na wafugaji wawili. Wote wawili walimwuliza maswali mengi kuliko aliyowauliza: nani yuko nyumbani mchana, ua una uzio wa namna gani, mtamwachia nani mkisafiri kwenda Mombasa. Mmoja alimkumbusha kwamba tangu Aprili 2020, kwa sheria ya huku Uingereza, mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hauzwi na mchuuzi wa kati. Unanunua kwa mfugaji mwenyewe, na umwone mtoto akiwa na mama yake pale alipozaliwa.

Hakununua. Ameongea na watu wa Border Terrier Welfare, shirika linalowatafutia makazi Border waliobaki bila wenyewe, kuhusu mbwa mtu mzima aliyetulia, na baba wa watoto naye hana budi aridhie kwanza. Huku wakisubiri, wanakuja matembezini, na binti yake mkubwa ndiye anayemshika Shaba.

Anayetaka maonyesho tu anaweza kuingia ya klabu nyingi bila kuwa mwanachama wake. Mwenye Border aliyezoea mashine ya saluni na hana nia ya kubadili, sioni atafaidi nini zaidi ya chai. Wengine wote waanze na matembezi, waende bila mbwa, wavae viatu vya matope, na wamtafute mtu mwenye chaki kwenye mfuko wa koti. Siku ya kunyonyoa ya masika inajaa mapema, hivyo andikisha jina mara tu kalenda itakapotoka, na kama hujajibiwa barua pepe, piga simu.